Sebule ya Siku Kumi na Nne

Niliishia pale hakimu alipovua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya tai, akanitazama kama mtu anayetazama kiatu kilichookotwa barabarani. Kinafaa au hakifai?

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nikupe kwa ufupi. Mimi ni mama wa watoto wawili, na nilikuwa mlevi. Siku moja mchana niliwafungia wanangu ndani, nikaenda kunywa. Mkubwa, wakati huo ana miaka tisa, aliwasha jiko amchemshie mdogo wake chai. Majirani walivunja mlango. Mdogo alitolewa mkono umeungua, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Mimi nilirudi jioni, naimba.

Baba yao alikuwa ameshatuacha kitambo. Dada yake, wifi yangu, ndiye aliyewachukua. Sikumlaumu siku ile, na simlaumu leo.

Wiki iliyopita nilisimulia jinsi nilivyoacha pombe, nikapata kazi ya kufagia ofisi, nikaenda mahakamani kuomba wanangu. Msomaji mmoja amemwandikia mhariri wa gazeti hili kwamba mwanamke kama mimi hastahili kuitwa mama hata na paka. Sina ugomvi naye. Ningekuwa yeye, ningeandika hivyo hivyo.

Basi hakimu akavaa miwani.

"Mama, unaishi wapi?"

"Nina chumba na sebule, mheshimiwa."

Wakili wa wifi alisimama kabla sijafunga mdomo. "Mheshimiwa, tulituma mtu akaione hiyo sebule. Ina ndoo, ufagio na kamba ya kuanikia nguo. Hakuna hata pa kumkalisha mtoto."

Watu wakacheka. Nami nusura nicheke, maana alichosema kilikuwa kweli tupu, ila ndoo zilikuwa mbili.

"Siku kumi na nne," hakimu akasema. "Afisa wa ustawi wa jamii atakuja kuona watoto wanakwenda kuishi wapi. Akiridhika, nitakusikiliza. Asiporidhika, usirudi hapa kunisumbua."

* * *

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa jirani yangu, Fundi Gundi.

Ni seremala, mzee, ana kibanda nyuma ya nyumba tunayopanga. Jina lile amepewa kwa sababu ya vidole vyake, vimegandwa na gundi kavu miaka nenda rudi. Ukimpa mkono unahisi umeshika gome la mti. Hacheki, hasifu mtu, na hajawahi hata siku moja kuniuliza habari zangu za nyuma.

"Fundi, nataka sebule."

"Ya nani?"

"Yangu. Ndani ya siku kumi na nne."

Aliweka randa chini. "Una nini?"

"Nina ndoo mbili."

"Na hela?"

Nikafungua kiganja, nikamwonyesha. Alitazama, kisha akanikunja vidole kimoja kimoja juu ya zile hela zangu, kama mtu anayefunga barua.

"Basi tutaokota," akasema.

Na kweli tuliokota.

Ofisini wiki ile walikuwa wanabadilisha mapazia ya chumba cha mikutano. Ya zamani yalikuwa ya kijani, mazito, yamepauka pale jua lilipokuwa likiyapiga. Msimamizi aliniambia niyapeleke jalalani. Niliyapeleka kwangu. Nikayapunguza kwa mkasi, nikayapinda kwa mkono, nikayatundika juu chini, ili sehemu iliyopauka iende chini, nyuma ya viti. Viti vyenyewe sikuwa navyo bado.

Kando ya barabara mafundi umeme walikuwa wameacha gurudumu kubwa la mbao, lile la kuviringishia nyaya. Nilimuuliza mlinzi wao kama naweza kulichukua.

"Ukiweza kulisukuma, lako."

Nililisukuma mtaa mzima. Watu walinipisha kama gari la wagonjwa. Fundi Gundi alilisugua kwa msasa siku mbili, akalipaka vanishi, akalilaza. Likawa meza ya duara.

Rangi tulipata makopo matatu, kila moja limebaki chini kidogo, kila moja rangi yake. Tukachanganya yote ndani ya ndoo. Ilitoka rangi ambayo mpaka leo sijui jina lake.

"Ni rangi ya chai iliyosahaulika mezani," Fundi Gundi akasema. Akaitazama ukutani muda mrefu. "Inafaa."

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akitoa. Nilikaa nayo siku nzima.

Nilinunua masweta ya mtumba yaliyotoboka, nikayajaza matambara na kuyashona yakawa mito. Kreti za soda, zile za mbao za zamani, tukazipanga zikawa rafu. Na sokoni, kwenye fungu la vyombo chakavu, nikaokota fremu ya picha yenye kioo kizima kabisa.

Ndani ya fremu kulikuwa na familia. Baba, mama na watoto wawili, wamekaa kwenye majani, wanacheka meno yote nje. Nilitaka kuitoa niweke picha ya wanangu. Lakini picha za wanangu zote zilikuwa kwa wifi. Nilimpigia simu kumwomba hata moja tu.

"Ulikuwa nao kila siku ukashindwa kuwatazama," akanijibu. "Picha ya nini?"

Akakata.

Basi niliwaacha wale wageni mle mle, nikawatundika ukutani. Nilisema moyoni, afisa akiingia aone kwamba nyumba hii ina watu.

* * *

Likabaki kochi.

Kwetu kuna dalali anayeuza vyombo vya watu wanaohama. Tunamwita Bado Mpya, kwa sababu hakuna kitu amewahi kuuza ambacho hakikuwa bado kipya. Alinipeleka kwenye stoo yake, akavuta turubai.

"Mama yangu, hili kochi bado mpya."

"Limechanika mkono."

"Limechanika likiwa jipya."

"Mbona limebonyea katikati?"

"Mwenyewe alikuwa anawekea begi. Hajalikalia hata siku moja. Tazama basi! Watatu wanakaa hapa wakanyoosha na miguu."

Watatu. Mimi na wawili. Yeye hakujua, lakini neno lile lilinimaliza. Nilimpa akiba yangu yote, na kwa kuwa haikutosha nikamwongezea na saa yangu ya mkononi.

Lilipoingia sebuleni, hata Fundi Gundi alivua kofia. Pazia la kijani nyuma, meza ya duara mbele, mito ya masweta juu yake. Nilikwenda mlangoni, nikatoka, nikaingia tena, kama afisa. Nikatoka tena, nikaingia tena, kama mtoto anayerudi kutoka shule.

Nilikalia lile kochi nikalia. Kulikuwa kumebaki siku tano.

Kesho yake nilirudi kutoka zamu ya asubuhi nimechoka, nikajinyoosha pale. Niliamka najikuna.

Mkono wangu ulikuwa na vipele vitatu vitatu, vimejipanga mstari kama mshono wa cherehani. Shingoni vingine. Mgongoni vingine. Nilikimbia kibandani.

Fundi Gundi alinitazama mkono. Alichukua kisu, akaja, akalipindua kochi kifudifudi, akachana kitambaa cha chini.

Kunguni walimiminika kama mchele wa gunia lililotoboka.

Walikuwa kwenye sponji. Walikuwa kwenye misumari. Walikuwa ndani ya nyufa za mbao, wamepangana, wanono, wana afya kuliko mimi.

"Fundi, tuchemshe maji. Tunyunyizie dawa."

"Kwenye nguo zako na mito, sawa, chemsha," akasema. "Hili wamezaliana ndani yake. Hata mbao si mbao tena, ni kunguni waliosimama."

Mwanangu mdogo mkono wake una ngozi laini, mpya, ile inayoota juu ya jeraha la moto. Niliifikiria ngozi ile juu ya kochi lile.

Nikampigia simu Bado Mpya, nikamtukana matusi ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Nilitegemea atakana. Hakukana. Alikuja mwenyewe na wapagazi wawili.

"Mama yangu, haya mambo hutokea. Tusigombane. Kuna kochi la bluu, limetoka kwa mwalimu mkuu, safi, nimelikagua mwenyewe. Nipe hili, nikupe lile, hakuna nyongeza. Leo leo."

Sikuamini masikio yangu. "Na hili utalifanya nini?"

"Lina mteja."

"Mteja gani?"

"Mama mmoja hapo nyuma ya soko, amejifungua wiki hii. Anatafuta cha kukalia anyonyeshee."

Alisema vile vile anavyosema kila kitu, kama anataja saa.

Nimeahidi kwamba humu nitasema kweli, kwa hiyo nasema. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko anavyokaa mtu mwema. Nilihesabu siku zilizobaki. Nikaliona kochi la bluu lilivyokaa mbele ya pazia la kijani. Nikamwona afisa anaandika.

"Lete la bluu," nikasema.

Wapagazi wakainua. Fundi Gundi alikuwa amesimama kando, anafuta kisu chake kwa kitambaa. Hakunizuia. Hakunitazama hata. Laiti angenitazama, pengine ningeweza kumkasirikia, nikaendelea na ubaya wangu.

Walilitua uani kupumzika kidogo. Na pale likiwa uani, juani, niliona mmoja wa wale kunguni anatembea polepole kwenye mkono wa kochi, mahali pale pale ambapo mama angeegemeza kichwa cha mtoto.

Nilichukua chupa ya mafuta ya taa kibandani kwa Fundi. Nikamimina yote. Nikawasha.

"Umerogwa wewe?" Bado Mpya alipiga kelele. Aliruka nyuma, shati lake likanusurika. "Mali nzuri unachoma? La bluu lisahau! Sikia, lisahau kabisa!"

"Nimeshalisahau," nikasema.

Lakini sikuwa nimelisahau. Liliwaka saa nzima. Sponji inatoa moshi mweusi, mzito, unanata kooni. Majirani walitoka wakasimama na mikono vichwani. Mmoja akasema, hakujua kama namsikia, "Huyu si yule wa moto wa mwaka jana?"

* * *

Hapa nilitaka kuruka. Mhariri aliniambia naweza kuruka nikitaka, wasomaji hawatajua. Lakini mimi nitajua.

Moto ulipozimika nilinawa uso, nikabadili blauzi, nikatoka. Miguu ilijua njia. Ilikuwa saa tisa mchana, baa haina mtu, mhudumu anapanga viti. Aliniona, akatabasamu kama mtu aliyemwona ndugu yake ametoka safari.

"Umepotea, dada! Tulidhani umekufa."

Nilikuwa na miezi saba na siku nne bila tone. Najua siku kwa sababu nilikuwa nazihesabu kama mfungwa.

Nilijiambia moja tu. Ile moja ikaita ya pili, ya pili ikaita ya tatu. Ya tatu niliinywa polepole, namfikiria yule mama wa nyuma ya soko. Nilitaka kujisikia mwema angalau dakika tano. Sikujisikia mwema. Nilijisikia mwanamke asiye na kochi.

Nilirudi jua halijazama. Sikuwa naimba. Fundi Gundi alikuwa mlangoni kwake, anafagia maranda. Nilipita karibu naye, na mtu mwenye pua hakuhitaji kuuliza.

"Kesho njoo mapema," akasema, ufagio haukusimama. "Tuchonge benchi."

Tulichonga benchi. Mbao za mabango ya matangazo, miguu ya meza tatu tofauti, kwa hiyo upande mmoja linainama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Niliweka mito ya masweta juu. Halikuwa kochi. Lilikuwa benchi lenye mito.

"Watatu wanaenea," Fundi Gundi akasema. Nilikuwa sijamwambia habari ya watatu.

* * *

Siku ya kumi na mbili asubuhi, najiandaa kwa zamu ya mchana, mlango ukabishwa.

Alikuwa mwanamke wa makamo yangu, viatu vya chini, faili kwapani. Nyuma yake, mwisho wa kichochoro, niliona pua ya gari jeupe.

"Mimi ni afisa ustawi. Samahani, nimekuja kabla ya siku yetu."

Sikuwa nimedeki. "Karibu, afisa. Karibu ndani. Usiangalie sakafu, nilikuwa…"

"Usijali, mama."

Aliingia. Alisimama katikati ya sebule akageuka taratibu. Mimi nimesimama mlangoni, roho mkononi. Alishika pazia, akalipapasa. Akapiga meza kwa kidole, ikalia ngo.

"Hii ilikuwa nini?"

"Gurudumu la nyaya za umeme, afisa."

"Na hii rangi?"

"Haina jina, afisa."

Alicheka. Jamani, alicheka! Kicheko cha mtu, si cha ofisi. "Unajua nimeingia nyumba ngapi zenye makochi ya ngozi na hakuna pa kuweka daftari la mtoto? Hapa nimeona rafu ya madaftari."

"Bado haina daftari."

"Madaftari yatakuja." Akakaa kwenye benchi. Benchi likalia kidogo, likatulia. Akafungua faili, akatoa kalamu, akaanza kuandika. Aliandika mistari mingi, na kila mstari nilihisi mtu anaondoa jiwe mgongoni pangu.

Kisha akainua macho ukutani.

"Na hawa ni nani?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nimeiokota, kama nilivyosema kwa kila kitu kingine, naye angecheka tena. Lakini jambo lilikuwa linakwenda vizuri, na mimi sijazoea mambo yanayokwenda vizuri. Niliogopa kwamba mwanamke asiye na mtu hata ukutani atapunguziwa alama.

"Dada yangu," nikasema. "Na mume wake. Na watoto wao."

"Wanaishi wapi?"

"Mbali kidogo. Lakini huja. Huja mara kwa mara kunisaidia."

Afisa alinyanyuka, akaisogelea picha. Alisimama mbele yake kwa muda, mgongo wake kwangu.

"Dada yako ana ndugu wengi," akasema polepole. "Mimi pia ninaye, nyumbani kwangu. Yeye, mume wake, na hao watoto. Nilimkuta ndani ya fremu siku niliyoinunua."

Sikuelewa mara moja.

"Ni picha ya kiwandani, mama. Wanaiweka ili fremu isiuzwe tupu."

Sijui umewahi kuvuliwa nguo mbele ya mtu aliyekuwa anakusifu. Nilitaka sakafu ile isiyodekiwa inimeze. Kumbe siku zote zile nilikuwa nawasalimia asubuhi! Nimewafuta vumbi. Nimewaombea hata.

"Nisamehe, afisa."

"Kaa, mama."

Tulikaa wote wawili kwenye benchi, bega kwa bega, hakuna kiti kingine. Hakuonekana amekasirika. Alionekana amechoka.

"Nina swali moja tu, ni la fomu. Kila mtu naliuliza. Mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini?"

Jibu lilikuwa tayari. Liko hata mahakamani, limeandikwa na karani: miezi saba iliyopita. Lilikuwa mdomoni, kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilikuwa nimetoka tu kukamatwa na uongo wa picha, aibu bado inanichoma mashavu. Nikasema moyoni, leo mbele ya mwanamke huyu sidanganyi tena. Anaweza kuninyima wanangu, lakini hataniona mwongo mara mbili.

"Juzi," nikasema.

Kalamu ilisimama hewani.

"Juzi?"

"Juzi, saa tisa mchana. Glasi tatu. Kabla ya hapo, miezi saba na siku nne." Nikamweleza yote. Kochi, kunguni, mama aliyejifungua, moto. Nilimweleza haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu nje.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alifumba macho.

"Mama, kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu umeniuliza."

"Nimekuuliza kwa sababu fomu inauliza!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. Akatazama mlangoni, akasogea karibu nami zaidi. "Sikiliza. Sikuja leo kukagua. Wifi yako alikuja ofisini asubuhi hii, tulikuwa hatujafungua mlango. Amesema amechoka. Anahamia mji mwingine kwa biashara zake, hawezi kwenda na watoto. Ameacha kesi. Amewaacha na wao."

"Amewaacha wapi?"

"Kwenye ngazi za ofisi yangu. Na mifuko yao ya nguo."

Nilishika ukingo wa benchi.

"Nilimpigia hakimu simu," akaendelea. "Akasema kama nyumba inafaa na mama ameacha pombe, nikukabidhi watoto kwa muda, leo hii, mpaka tarehe ya kesi. Karatasi ninayo hapa. Imebaki hili swali na sahihi mbili."

Akageuza faili, akanionyesha. Kweli. Nafasi moja ilikuwa tupu, na mistari miwili chini yake.

"Ungesema miezi saba," akasema, "ningeandika miezi saba. Ile picha nilikuwa nimeshaisamehe. Lakini hili nimelisikia. Siwezi kusema sikulisikia. Mmoja wa watoto akipatwa na jambo hapa wiki ijayo, nitamweleza nani kwamba nilijua?"

"Na nisipopewa mimi?"

"Makao ya watoto."

"Wote wawili pamoja?"

Alirudisha macho kwenye karatasi, na hapo nikajua.

"Walio chini ya miaka saba wana nyumba yao," akasema. "Wakubwa wana yao, upande wa pili wa mji."

Nilipiga magoti. Sikupanga, magoti yenyewe yalikwenda. Nilimshika mkono wenye kalamu.

"Afisa. Dada yangu. Hujaandika bado. Nafasi iko tupu, naiona. Sijasema kitu. Niulize tena. Tafadhali, niulize tena swali lile."

"Mama, inuka."

"Niulize tena!"

"Inuka, mama. Inuka, wasikukute hivi."

"Nani wasinikute?"

Nje mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Nikasikia miguu kwenye changarawe ya kichochoro, miguu midogo, ya zaidi ya mtu mmoja.

Niliinuka. Afisa aliinuka. Tulisimama bega kwa bega kama watu wanaopigwa picha.

Mwanangu mkubwa alitokea mlangoni. Amerefuka. Mwaka mzima sikumwona, na mwaka mzima ulikuwa umekwenda wote kwenye miguu. Alikuwa na mfuko wa nguo kila bega, na kwa mkono mmoja amemshika mdogo wake, ule mkono usioungua. Hakutazama pazia. Hakutazama meza, wala rangi, wala benchi. Mimi alinitazama mara moja tu, kama mtu anavyotazama kibao cha basi kuhakikisha, kisha akamgeukia afisa.

"Hapa ndipo tunashuka," akauliza, "au bado tunaendelea?"

Afisa alitazama karatasi. Alinitazama mimi. Kalamu ilikuwa mkononi, imefunguliwa, haijagusa kitu.

Na mdogo, pale kizingitini, alikuwa ameshaanza kuvua viatu.